Neno Alilojiandikia Bwana Harusi

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku ya tatu namfunda Rukia. Nimemsinga, nimempaka liwa, nimemweleza ya chumbani. Hasikilizi. Macho kwenye simu. Mwisho kanionesha: mchumba wake Haji, fundi simu wa Konde, kajiandika mtandaoni kuwa yeye ni "teknosekshuali". Rafiki yake kamwambia maana yake ni mtu anayetamani mashine, si mwanamke. Harusi Ijumaa. Anataka ivunjwe.

Nafunda wari miaka ishirini. Neno hili silijui. Nimeona haya.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekwenda kwa Maryam, binti wa dada yangu, mwalimu wa Kiingereza. Neno ni vipande viwili, kasema. Tekno, ya teknolojia. Cha pili, mambo ya matamanio. Waliliunda kwa kuiga neno jingine, la wanaume wa mjini wanaojipamba. Kwa hiyo ni mwanamume mtanashati apendaye vifaa vya kisasa. Lakini wapo wanaolitumia kwa maana ile ya mashine.

Maana mbili! Nimerudi na wasiwasi zaidi kuliko nilivyokwenda.

Jumatano, 8 Oktoba

Rukia kagoma kula. Mama yake hajui, yumo kuchagua mchele wa karamu. Nimekwenda Konde mwenyewe. Somo, mfunda bibi harusi, kumfuata bwana harusi dukani, sijapata kusikia. Kijana ananukia udi, kanzu imepigwa pasi, simu tatu mbele yake. Nikamuuliza waziwazi. Kainamisha kichwa.

"Bi Mize, mimi nilidhani ni fundi aliyebobea."

"Na hizo mashine, unazitamani?"

"Nazitengeneza tu. Ninayemtaka ni Rukia."

Nikaaga haraka nisimcheke usoni.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimemweleza Rukia yote, maana zote mbili, na jibu la Haji. Kacheka mpaka liwa imembanduka mashavuni. Kala sahani mbili za wali. Haji kalifuta neno, kaandika "fundi". Tukaendelea na mafunzo. Leo kauliza maswali mpaka mimi ndiye niliyeona haya.

Jumapili, 12 Oktoba

Harusi imepita salama. Miguu imevimba. Mvua tangu alfajiri, sijatoka.

Nimemkumbuka marehemu mume wangu. Kila asubuhi akiifuta redio yake kwa kitambaa, akajitazama kiooni, ndipo anisabahi. Nilimnunia miaka kwa hilo. Hakuwa na neno la kujiita, wala mimi sikuwa na la kumwita.

Nimecheka peke yangu, kisha nimemsomea Fatiha.