Karai Moja kwa Kila Boti

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Ziwa bado limefungwa, mwezi mzima umebaki. Nyavu zimeanikwa kwa seng'enge, boti zimepinduliwa, wanaume wamekaa kwa kivuli cha banda wakicheza drafti na kugombana juu ya drafti. Mimi karani wa mizani sina cha kupima. Nimefagia banda mara mbili.

Saa nne akafika afisa wa samaki, Mitchelle. Msichana mdogo tu, anakaa Milimani huko Nakuru, amekuja na raba nyeupe kwa matope yetu. Lakini ana heshima, hapo siwezi kumsema. Habari yake ni hii: ziwa likifunguliwa mwezi ujao, hakuna kuvua ovyo tena. Kutakuwa na kiwango. Kilo za mwaka mzima zinapangwa mapema, zikiisha zimeisha, mtu arudishe boti. Halafu hizo kilo zinagawanywa kwa jamii, kila jamii na fungu lake, na idadi ya boti inafuata fungu.

Anko Kiprugut (ndugu mdogo wa marehemu Baba, na ndiye anaongoza watu wetu wa Ndabibi hapa bichi tunaposhusha samaki) akauliza hilo fungu litapimwa na nini. Mitchelle akasema na rekodi za miaka tatu. Vitabu vya Jepkemboi.

Watu wote wakanigeukia. Nilifurahi, sitadanganya karatasi. Miaka tatu naandika kilo na vidole vimeganda kwa baridi, hakuna mtu amewahi kuuliza vitabu vinaenda wapi. Nikampa vyote sita. Nilivifunga hadi na uzi. Jioni nimepika chapati kwa hiyo furaha.

Jumatano, 3 Septemba

Furaha imeisha.

Mitchelle amerudi na hesabu kwa tableti yake. Leo bichi yetu ina boti ishirini. Kumi zetu, kumi za kina Mzee Hemed – watu wa mjini, Waislamu, babu zao walitoka pwani wakati wa reli wakabaki. Kuanzia Oktoba zitakuwa kumi na sita. Zao kumi na mbili. Zetu nne.

Nne!

Wanaume wetu waliangalia ile tableti kama imewatukana. Mmoja akasema ni ukabila. Mwingine akasema ni siasa. Mimi nilinyamaza kwa sababu mimi najua.

Wacha niandike hapa, kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Boti zetu zikiingia asubuhi, kila moja inaleta kwa mizani karai moja ya tilapia. Napima, naandika. Zile zingine zinapitia nyuma ya banda, zinaingia kwa pickup ya mnunuzi. Na mimi naangalia ziwa. Si wizi. Ada ya bichi inalipwa kwa boti, si kwa kilo, hakuna mtu alikwepa chochote. Ni vile tulilelewa. Sisi hatuhesabu mali. Nikiwa na miaka sita nilisimama kwa boma nikahesabu ndama kwa sauti, nikafika saba, Kogo, nyanya yangu, akanizaba kofi. Unahesabu ndio waishe? Na Baba akiulizwa ako na ng'ombe wangapi, jibu ni moja: wako kidogo. Boma limejaa mpaka wanakanyagana, wako kidogo tu.

Sasa ukame ukamaliza watu, wakauza mifugo waliobaki, wakanunua boti. Lakini mdomo wa ng'ombe walikuja nao majini.

Watu wa Mzee Hemed wanapima mpaka mkia wa mwisho. Karai mbili, tatu, nne, wanangoja niandike, wanaangalia nikiandika.

Kwa hivyo kitabu kinasema kina Hemed wanavua mara tatu yetu. Na ni mwandiko wangu. Ijumaa ya wiki kesho natakiwa kuweka sahihi mbele ya watu kwamba ni kweli.

Hata sikuwaza. Hiyo ndiyo inaniuma. Sikuwaza.

Alhamisi, 4 Septemba

Kaka yangu Kiplimo amekuja kula. Kwa orodha ya boti zetu yeye ni wa tisa – alinunua mwaka jana tu, aliuza ng'ombe wote wa Baba, hakubakisha hata mmoja wa maziwa ya mtoto. Zikibaki nne, yake haimo. Haimo hata ukipiga hesabu ukiwa umelewa.

Yeye bado anatania. Amesema dada yake ni karani, si nitoe hiyo nne niandike kumi. Cheptanui, bibi yake, hakucheka. Aliniangalia tu. Nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumamosi, 6 Septemba

Mkutano wa watu wetu kwa Anko. Chai ya maziwa, kelele, hakuna kilichoamuliwa.

Kumbe Mitchelle alimwambia Anko kitu. Eti huko kwa bahari kubwa, nchi za mbali, serikali zinapanga kiwango cha samaki, halafu makabila yaliyokuwa pale kabla ya wageni yanatengewa fungu lao. Mahali pengine kesi ilienda kortini wakapewa nusu. Nusu ya samaki wote! Anko ameshikilia hiyo nusu kama mtoto na mandazi. Sisi ndio wenyeji, anasema, tulilisha hapa ng'ombe kabla ya babu ya Hemed kuona ziwa.

Mzee mmoja akauliza kwa upole, na Wamaasai waliotutangulia je? Anko akasema hiyo tusiilete kwa huu mkutano.

Mimi nilikumbuka Kogo akisimulia vile waliletwa Ndabibi na lori, yeye amepakata kuku. Na babu ya Hemed, kusema ukweli, alikuwa akivua hapa wakati watu wetu hawangegusa samaki, wanamwita nyoka wa maji. Sasa mwenyeji ni nani? Wa nyasi ama wa maji? Sijui. Nikifikiria naona pande zote ziko sawa, halafu naona pande zote ni waongo.

Nikajikaza nikasema: shida si wenyeji, shida ni karai moja. Kwa nini tusiseme tu kwamba hatukupima zote?

Anko akaniambia, mtoto wa ndugu yangu, sahihi ni yako. Watauliza nani aliandika uongo.

Nikasema sawa, na wakiuliza tulivua ngapi?

Akaangalia kikombe. Akasema, kidogo tu.

Watu wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka. Mimi nilitaka kulia.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisa. Mzee wa kanisa amesimama kama kawaida akatuhesabu safu kwa safu na kidole: wanaume arobaini na moja, wanawake sabini na tatu. Miaka yote anatuhesabu na hakuna aliyekufa kwa hilo. Anko alikuwa safu ya pili, ametulia kabisa. Nilitaka kumgusa bega nimuulize. Sikumgusa.

Niliomba. Sijui niliomba nini.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimempigia Mitchelle. Nikajifanya nauliza ya rafiki yangu wa bichi ingine. Je, kitabu kikiwa na kilo chache kuliko zile zilivuliwa, inakuwaje?

Akaeleza polepole, kama mwalimu. Kiwango chote kimepigiwa hesabu kutoka kwa vitabu. Kama samaki walitoka wengi kuliko ilivyoandikwa, basi ziwa limechoka kuliko wanavyofikiria. Kiwango kitashuka, kwa kila mtu. Badala ya boti kumi na sita, labda kumi na nne. Na karani? Karani kazi itaisha, akasema, na huyo rafiki yako awe na bahati ikiishia hapo.

Halafu akasema, Jepkemboi, uko sawa? Nikasema niko sawa.

Nimejaribu kupanga kwa kichwa. Nikinyamaza, Kiplimo hana boti, na boti zetu sita zinaoza kwa matope. Nikisema, nafuta kazi yangu, na kina Hemed wanapoteza boti – wao, ambao walipima kila samaki! Mtu mkweli ndiye analipa. Nikinyamaza pia mtu analipa. Na ziwa nalo? Hata ziwa sikuwa nimelifikiria. Nimezunguka hapo mchana mzima. Ugali umeungua.

Jumatano, 10 Septemba

Mzee Hemed alikuwa peke yake bichi, anashona wavu. Ana Kiswahili kile chao cha adabu, unajisikia unyooshe mgongo. Aliniuliza kama Mama anaendelea vizuri na miguu yake. Akanionyesha fomu ya Mitchelle. Pale pa jamii, watu wake wamewekwa Wengineo. Amezaliwa hapa, baba yake amezikwa hapa, eti Wengineo. Hakukasirika, aliikunja tu akairudisha mfukoni.

Halafu bila kuniangalia: binti yangu, hizo karai zinazopitia nyuma ya banda, huwa unadhani hatuzioni?

Nilipata joto mpaka masikio. Nikasema mzee, mimi naandika kinacholetwa mizani.

Akasema najua. Akakata uzi na meno. Akasema mwaka juzi nilimwambia Kiprugut, mpime, iko siku mtaulizwa. Kiprugut akaniambia ng'ombe wake hawanihusu. Nikamwambia hawa ni samaki.

Basi. Akaendelea kushona. Sijui kama alikuwa ananionya ama ananihurumia ama anapanga kutusema kwa Mitchelle. Ningekuwa yeye ningekaa kimya nichukue boti zangu kumi na mbili. Mbona aniambie? Nimechanganyikiwa kabisa, na leo nimekasirika pia, sijui kwa nani.

Ijumaa, 12 Septemba

Saa tatu asubuhi. Naandika hapa hapa kwa banda, daftari hili ndani ya lile la kumbukumbu za mkutano, watu wanadhani nafanya kazi. Wamekaa pande mbili kama harusi. Mitchelle anataka tumalize mapema kwa sababu ya swala ya Ijumaa. Vitabu vyangu sita viko mezani na ule uzi. Kiplimo amevaa shati la kanisa.

Mitchelle anasoma utangulizi. Ni mrefu.

Nimeitwa.

Saa nne na nusu. Nimesema.

Hata sikupanga. Nilishika kalamu niweke sahihi, mkono ukakataa. Nikasema vitabu si vya kweli kwa upande wetu. Kila boti ya Ndabibi nilipima karai moja, zingine sikuangalia, kosa ni langu. Sauti ilikuwa nyembamba kama ya kuku. Anko akafunga macho. Upande wa Mzee Hemed vijana wakasimama, wakaanza kelele, yeye akainua mkono wakakaa.

Mitchelle alikuwa mweupe kama zile raba zake. Halafu akasema, na nampa heshima kwa hili, basi turekebishe. Kila mwenye boti wa Ndabibi asimame aseme siku ya kawaida alikuwa anashusha karai ngapi. Nitaandika pembeni, tutapiga hesabu upya. Lakini lazima mwenyewe aseme, mbele ya watu.

Hakuna aliyesimama.

Akauliza tena. Mwenye boti ya kwanza akasema, ni kidogo tu madam. Wa pili akasema Mungu alikuwa anasaidia. Wa tatu alikohoa. Mitchelle akasema nahitaji namba. Tafadhali. Bila namba nitarudi kwa kile kimeandikwa. Karai moja. Boti nne.

Akafika kwa Kiplimo. Kaka yangu akasimama. Niliona mdomo wake ukifunguka – namba anaijua, anajua mpaka samaki mmoja mmoja. Cheptanui alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni, anasema kwa mdomo bila sauti, sema. Kiplimo akaniangalia mimi. Akasema, Jep, wewe andika tu.

Nikamwambia siwezi. Mimi sikuangalia, Kiplimo. Sikuangalia hata siku moja.

Akakaa.

Saa tano. Mzee Hemed amesimama.

Amemwambia Mitchelle kwamba yeye huteremka ziwani baada ya swala ya alfajiri, kila siku, na boti za Ndabibi huziona zikiingia. Idadi anayo. Ya kila boti. Mitchelle akamuuliza kama anaelewa kwamba watu wake ndio watapunguziwa. Akasema anaelewa. Kijana wake mmoja, Mujahid, akamvuta kanzu, akamwambia mzee keti, unatumaliza. Mzee Hemed akamtoa mkono polepole, akasema: kila asubuhi nawasikia hawa wakicheka wakishusha samaki, sasa nitakaaje na boti kumi na mbili nikijifanya sikusikia?

Halafu hakutaja namba. Amemgeukia Anko. Anaomba ruhusa. Anajua ilivyo kwetu: mtu kuhesabu mali yake ni mbaya, lakini mtu mwingine kukuhesabia, hiyo kwetu ni laana kamili, watu wamepigana kwa hiyo.

Anko ana fimbo katikati ya magoti. Hajasema ndiyo. Hajasema hapana. Dakika zinapita, muadhini ataita. Kiplimo, mtu mzima na ndevu, ameinama ameziba masikio na mikono miwili.

Mzee Hemed amengoja mpaka nimeona aibu kwa niaba yetu sote. Sasa ameanza, kwa sauti ya chini, ananiangalia mimi. Boti ya Kiplimo: karai tano.

Mitchelle ananiambia niandike. Wanaume kumi wananiangalia mkono.