Chupa Chini ya Kitanda cha Shemeji

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, na viatu ulivyonitumia vimenikaa sawasawa.

Mfupa wa paja la shemeji unaunga vizuri. Kidonda ndicho kilichotunga usaha, akaanzishiwa sindano kali ambazo daktari alituonya kwamba huweza kuua figo. Ndiyo maana mkojo wake unatakiwa upimwe kila siku, nami karani wa wodi niandike kipimo. Wauguzi wakizidiwa na kazi, sisi makarani hunakili kipimo cha jana. Nimenakili siku nne, dada.

Leo nilikwenda kumwona. Uso umemvimba, macho yamebaki vijitundu. "Shemeji, hata haja ndogo imenisusa," akasema, akacheka. Nikainama kuchukua chupa yake ya mkojo. Ilikuwa kavu, na buibui alikuwa amefuma utando kwenye mdomo wa chupa.

Nilikimbia kwa daktari nikamwambia yote. Amesimamisha sindano. Alipofungua faili alikuta kwamba, ili kupunguza kazi, nilikuwa nimeshajaza na siku zijazo mpaka Ijumaa. Kwenye karatasi mumeo anakojoa vizuri hadi Ijumaa. Daktari hana hakika kama ataifikia.

Njoo, dada.

Mdogo wako