Mikono Uliyoiosha Bure

Mdogo wangu Tshibangu,

Unisamehe kwa kimya kirefu. Tangu tulipokuzika sikuwa na neno lililostahili kukufikia. Sasa ninalo, nalo ni zito.

Mwanao Ilunga amepata binti. Wamempa jina la Ngalula, mtoto wenu aliyefariki kabla hajajua kutembea. Kitovu hakijakauka, ngozi ikaanza kutoka: palipoguswa na nepi, malengelenge; palipopita kidole cha mkunga, kidonda. Nilipomwona nilitoka nje. Alikuwa Ngalula wenu yuleyule.

Mkeo hakusita. Zamani alilaumu nguo zako za kiwandani, kwa kuwa ulifanya kazi kwenye matangi ya asidi. Ilunga ni dereva wa taksibasi; basi, sasa ni betri ya gari. Alimzuia mlangoni kama alivyokuzuia wewe: "Usimuguse mutoto. Asidi iko ku mikono yako." Ilunga akaenda kuoga uani. Niliposikia maji yakimwagika, nilisubiri ukohoe, kama ulivyozoea ulipooga pale.

Nikawapeleka Lubumbashi. Daktari wa ngozi alitazama kucha na kinywa cha mtoto, akauliza kama yuko mwingine katika ukoo aliyezaliwa hivyo. Nikamtaja Ngalula wenu. Akasema si asidi, wala si uchawi: ni ugonjwa adimu wa kurithi, ambao baba na mama huubeba wote wawili pasipo kuumwa. Hauponi, bali hutunzwa. Lengelenge hutobolewa kwa sindano safi, ngozi yake ikaachwa ilivyo. Kisha hupakwa vazelini na kufungwa kitambaa kisichonata.

Ilunga anaifanya kazi hiyo nyumbani kwangu, kwa siri, mkewe akimshika mtoto. Juzi mtoto alimlalia kifuani, naye akaniuliza polepole: "Baba mukubwa, papa hakunibebaka hata siku moya?"

Ungemjibu nini?

Wanaishi kwa mama yake, na vidonda havingoji waje kwangu. Lazima aambiwe. Lakini akiambiwa, atajua kwamba alikunyima watoto wako bure, tena kwamba ugonjwa ulitoka kwake pia. Amezeeka, na moyo wake ni dhaifu. Ilunga anataka tumweleze Jumapili, baada ya misa. Mimi ndiye mkubwa, wananingoja mimi.

Pumzika, mdogo wangu. Nikishaamua, nitakuandikia wewe kabla sijamwambia mtu yeyote.

Kaka yako