Si Shangazi, Papa, Ni Tairi

Papa,

Wanasema Shangazi alikuroga. Dada yako mwenyewe, aliyekubeba mgongoni ulipokuwa mdogo! Siku ya mazishi walimkalisha nje ya parcelle, nje ya ua wetu, barabarani, juu ya kipande cha katoni, na hakuna aliyempelekea hata maji. Baba Mdogo ndiye aliyetoa amri. "Huyu mulozi asiingie," alisema. "Asubuhi alikuja kumusalimia, magaribi kaka yetu amekufa." Alikuja kwa sababu alikuletea makayabu. Huo ndio ushahidi wao: samaki wa chumvi.

Mimi nilikuwa nawe kabla ya safari, kwa quado, yule fundi wa matairi wa njia ya Kasapa. Tairi la mbele la gari lako, upande wako wa usukani, lilikuwa limelika hadi likawa laini kama sahani. Akapasha kisu moto, akalichonga mifereji mipya, akalipaka rangi ya viatu. Likang'aa. "Ona, vieux, mzee wangu, imerudia kijana! Itakufikisha Kasumbalesa na itakurudisha." Ukacheka. "Na mimi unichonge vile, muke wangu anipende tena."

Lakini hakuongeza mpira, Papa. Alipunguza ule kidogo uliobaki. Lilipasuka njiani, gari likavuka upande wa malori. Nimelishika tairi hilo kwa mikono yangu. Nyaya zimetokeza ndani ya mifereji ileile aliyoichonga. Hilo halikufanywa gizani na mchawi. Lilifanywa mchana, tukiangalia.

Nina hasira. Hata na wewe. Gari ulilisafisha kila asubuhi, vioo ukavipangusa kwa shati lako la zamani, lakini matairi uliyapima kwa kiatu: teke moja, "iko bien," twende. Teke halipimi upepo! Teke halioni ufa! Ungeinama tu. Ungeinama mara moja, ukapitisha kidole.

Unajua ninavyoogopa kusema mbele ya watu. Shuleni, mwalimu akiniita ubaoni, sauti ilikuwa inanipotea. Lakini Jumapili, baada ya misa, jamaa wote wakiwa wamekaa, niliburuta tairi lako mpaka katikati ya sebule nikasema, "Mulozi wenu ni huyu hapa."

Baba Mdogo akasimama. "Umemaliza shule juzi, leo uko mukubwa? Pneu inapasuka yenyewe? Kuko muntu aliituma!"

"Na tairi yako, Baba Mdogo? Iko laini kama hii. Ile nani ataituma?"

Akaniita mutoto bila heshima. Mama alilia. Hakuna aliyesema Shangazi arudi. Na jana asubuhi nilimwona Baba Mdogo akipakia watoto wake ndani ya gari, matairi yaleyale. Akapiga teke, akaondoka. Nilipiga kelele, Papa, mimi, barabarani, majirani wakatoka. Hakusimama.

Jumamosi tunamaliza matanga. Nitatembea mpaka Katuba, kwake, kumchukua Shangazi, na tutaingia kwa mlango mkubwa, nikiwa nimemshika mkono. Atakaa mbele, kwenye kiti, karibu na picha yako. Wakimfukuza, watatufukuza wawili. Na kila dereva atakayekuja kukulilia, nitamwomba ainame aangalie matairi yake kabla ya kuondoka. Watacheka. Wacheke. Nitasimama getini hata hivyo.

Siwezi bado kukuambia ulale kwa amani. Lala tu, Papa. Shangazi yuko nami.

Binti yako