Msumeno Usio na Kifuniko

Baba Kalunde,

Muthokoi iko kwa sufuria, pasha mwenyewe. Kuku wafungie mapema. Huo msumeno wa meza usiuguse. Plagi yake nimeikata, niko nayo kwa mkoba.

Si nilikuambia tungoje ule wenye kifuniko, hata kama umetumika? Wewe ukakimbilia Mlolongo ukaniletea huu wa bei rahisi, ati, "Wavinya, si unatengeneza stuli za kujifurahisha tu?" Kwani meno yake yanajua ni ya kujifurahisha?

Asubuhi, ulipotoka tu, nilikuwa napasua ubao wa stuli ya mama yako. Ubao ukabanwa na meno, ukarushwa nyuma, ukanipita mbavuni ukaenda kutoboa mlango wa stoo. Hapo nyuma yangu ndipo Kalunde husimama kila Jumamosi kuniangalia. Leo alikuwa bado anatafuta soksi.

~~Tutarudi jioni.~~ Tuko Masii kwa mamangu. Tutarudi nikitulia.

Ubao bado umekwama mlangoni, sijautoa. Chukua tepu upime kutoka chini mpaka kwa hilo tundu. Halafu pima ile alama ya penseli ukutani, ya urefu wa Kalunde Krismasi. Ukimaliza, nipigie uniambie huo ubao ungempata wapi.

Mama Kalunde