Balozi Aliyenitetea kwa Hasira

Mjukuu wangu Naomi,

Marahaba. Bibi yako hajambo, na kabichi zimestawi. Unauliza kama mahakama itakusikiliza, maana homa ilikuchelewesha kukata rufaa. Wanaokwambia sheria ni kiziwi ni wavivu wa kusoma. Waje hapa Gare tubishane!

Enzi za Ujamaa, balozi wetu wa nyumba kumi alinishinda kesi ya shamba la migomba la mama. Siku ya mwisho ya kukata rufaa ikaangukia zamu ya shamba la kijiji, nikachelewa. Kesho yake nikashuka mahakamani Lushoto kuomba nisamehewe.

Balozi akaruka juu: "Mheshimiwa, huyu ni mzembe tu!"

"Jana alikuwa wapi?" hakimu akamuuliza.

"Shamba la kijiji! Alitaka kutoroka, eti ana rufaa. Nikamzibia njia mwenyewe. Kwenye zamu yangu hatoroki mtu!"

"Kumbe wewe ndiye uliyemchelewesha?"

Balozi akatazama dari. Karani alicheka mpaka kalamu ikamdondoka.

Rufaa ikapokelewa, nikashinda. Ndizi ninazokutumia zimetoka shamba hilohilo.

Basi nenda kaeleze homa yako, kisha unyamaze. Mwache mpinzani wako aongee.

Babu yako