Sataranji ya Kuigana

Jumatano, 5 Juni
Nakanda unga wa maandazi, Rukia kachukua nusu ya meza kwa sataranji yake. Sikumwondoa. Bingwa wa Tumbe nzima haondolewi. Jumamosi anacheza Wete na Salha, binti wa Bi Mwanakombo, yule mke wa afisa. Akishinda, anakwenda Unguja kuiwakilisha Pemba. Wakitoka sare, anakwenda Salha, pointi zake zimezidi. Sare na mwanangu? Labda usingizini.

Jumamosi, 8 Juni
Nimetolewa ukumbini. Mie.
Rukia alianza na askari wa ubavuni. Salha naye, askari wa ubavuni. Rukia katoa farasi. Salha farasi. Kila anachofanya mwanangu, yule anafanya vilevile upande wake, kama yumo kiooni. Mtoto wa afisa, vitabu kanunuliwa, hana wazo lake hata moja. Na mama mtu kakaa mbele, miwani usoni, anaona fahari. Fahari ya kunakili.
Nikavumilia wee, mwisho nikamwambia mwalimu anayeamua mchezo: "Mwalimu, huyu anamwibia mwanangu. Mtenge meza."
Watu wakacheka. Mwamuzi akanijia. "Bi Time, huu si mtihani. Tunakuomba nje."
Bi Mwanakombo kajiziba kwa mtandio, mabega yanamcheza. Mwanamke hovyo.
Nikangoja juani. Rukia akatoka, hakunitazama. Sare.

Jumapili, 9 Juni
Kutwa kanuna. Jioni, tunamenya muhogo, ndipo akasema: "Mama, kule kuigana ndio mchezo wenyewe. Hata mie huiga."
Nikamwambia basi si angemshinda huyo kasuku.
"Nilishaiona njia. Ukasema, ikanipotea."
Nimeumia. Muhogo sikuuonja. Bi Mwanakombo bado namdharau, hilo lisije likachanganywa na hili.

Jumanne, 11 Juni
Kaja Salha, peke yake. Kijitoto chembamba, kandambili zimeliwa kisigino.
"Shikamoo, Bi Time. Nimekuja kumwomba Rukia tufanye mazoezi kabla sijasafiri."
Marahaba nikampa kwa ncha ya ulimi. Neno juu ya mama yake nilikuwa nalo, tena tamu. Rukia akanitazama. Nikalimeza.
Wakakaa ukumbini kwetu, mkekani. Salha akasogeza askari wa ubavuni. Rukia naye, askari wa ubavuni.
Nikawatilia chai. Nilitamani kuuliza nani anashinda. Sikuuliza.